Ushauri: Babu alipigana upande wa Wehrmacht (jeshi la Ujerumani ya Hitler), familia imekaa kimya. Mjukuu aanzie wapi?

Kizazi_cha_Tatu:
Wakuu, heshima kwenu. Swali ni kuhusu wajukuu wa Wajerumani waliopigana Vita Kuu ya Pili. Babu kafa na siri zake, mama alikuwa mtoto mdogo mabomu yakianguka, mjukuu kabaki na aibu asiyojua imetoka wapi. Akitaka ukweli, aanzie wapi? Na mama, ambaye sasa ni mzee, aulizwe vipi bila kumtonesha kidonda? Naomba hatua za kufuata, si maneno ya kufariji.

Mtunza_Majalada:
Mkuu, aanze na karatasi, watu wafuate. Aibu isiyo na sura huzidi kukua; jalada huipa mipaka, hata kama kilichomo ni kibaya.

Aandike Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, Berlin. Tangu Januari 2019 ndiyo inayoshika kumbukumbu za iliyokuwa WASt, ofisi ya taarifa za askari wa Wehrmacht. Atoe jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kikiwepo kibati cha shingoni cha utambulisho wa askari, anakili kila herufi na namba, maana ndizo zinazoonyesha kikosi kilichokitoa. Barua za vitani zitunzwe pamoja na bahasha: namba ya posta ya jeshi ilificha jina la kikosi. Isomwe pamoja na tarehe ya barua, kwa kuwa namba ileile iliweza kuhamia kikosi kingine.

Hapa ndipo wengi hukosea. Jibu likija mistari mitatu, familia husema "basi hakufanya kitu". Sivyo! Majalada mengi ya jeshi la nchi kavu yaliungua Potsdam, Aprili 1945. Akishajua kikosi, aende kwenye hifadhi ya kijeshi ya Freiburg, asome shajara za vita za kikosi hicho, alinganishe mahali na tarehe. Kisha Ludwigsburg, ambako uchunguzi wa uhalifu wa Wanazi umekuwa ukiratibiwa tangu 1958. Uanachama wa NSDAP, yaani chama cha Nazi, aulizie kama ombi la pekee. Rekodi za jeshi hazimwambii.

Sikio_la_Pili:
Naongezea. Hati ya kusafishwa unazi, waliyopewa Wajerumani baada ya vita, isimlaze usingizi. Watu waligawanywa makundi 5, na wengi waliangukia la Mitläufer, yaani wafuata mkumbo, mara nyingi kwa barua za utetezi kutoka kwa marafiki na majirani. Wajerumani wenyewe waliziita Persilschein, kwa jina la sabuni ya kufulia.

Kuhusu mama: asiulizwe "ulijisikiaje". Aulizwe vitu: handaki lilikuwa na mlango wa namna gani, nani alibeba nini, viatu vilikuwa vya nani. Iwe mchana, dakika 40 hivi zinatosha, na isiwe karibu na saa ya kulala. Akianza kusimulia kana kwamba mambo yanatokea sasa hivi, au macho yakaganda, swali linalofuata lisiulizwe. Mjukuu ataje siku ya leo na chumba walichomo, mama akanyage sakafu kwa miguu yote miwili, anywe maji. Siku hiyo imeishia hapo.

Jihadhari pia na mjukuu mwenyewe. Utafiti wa Harald Welzer na wenzake, uliochapishwa 2002, ulionyesha wajukuu wakimgeuza babu kuwa shujaa au mpinzani wa Wanazi, hata pale babu mwenyewe aliposimulia kinyume. Kwa hiyo arekodi sauti, aandike neno kwa neno, asitegemee kumbukumbu yake.

Mizani:
Wengine watakuletea habari kwamba kiwewe hurithiwa kupitia jeni. Utafiti wa Rachel Yehuda kuhusu FKBP5, jeni linalohusika na mfadhaiko, ulikuwa na manusura 32 wa Maangamizi ya Wayahudi na watoto 22. Ni watu wachache, ni familia za walioteswa, na wajukuu hawakupimwa. Haumthibitishii mjukuu wa askari kwamba aibu yake imo kwenye damu. Kilichopita mezani kwao ni ukimya, hofu na ukali wa malezi, na hivyo hutibika kwa mtaalamu anayejua kiwewe.

Hatia je? Mwanafalsafa Mjerumani Karl Jaspers, mara baada ya vita, aliitenga ya jinai, ya kisiasa, ya kimaadili na ya kimetafizikia (mbele ya Mungu). Ya jinai ni ya mtendaji peke yake. Mjukuu achukue karatasi, achore safu mbili: alichotenda babu, na kilichomo mikononi mwangu leo. Saa au kabati lililonunuliwa kwenye mnada wa mali za Wayahudi waliohamishwa kwa nguvu linaingia safu ya pili. Hapo kuna kazi: kumtafuta mwenye mali au warithi wake.

Kizazi_cha_Tatu:
Shukrani wakuu. Na mama akikataa kabisa kusema?

Sikio_la_Pili:
Aachwe. Ila akiingia nyumba ya wazee, wauguzi waambiwe alipitia mabomu. Ving'ora, tochi usoni usiku, kushikwa ghafla wakati wa kuoshwa: vyote vinaweza kumrudisha 1945. Waombe wabishe hodi, wawashe taa ndogo, wajitaje jina kabla ya kumgusa, na yaandikwe kwenye jalada lake ili wa zamu ya usiku nao wayaone.