Nina miaka 54 nimeanza kuvaa lateksi (nguo za mpira mwembamba unaoshika mwili), wa Mwanza naombeni ushauri

Mama_Igoma
Wadau habari za jioni, naomba msome mpaka mwisho maana hii kitu nimekaa nayo moyoni muda mrefu.

Mimi mama wa watoto watatu niko Igoma. Nimefanya kazi miaka 17 kiwanda cha minofu ya sangara, kusimama tangu saa moja asubuhi, gambuti nyeupe, aproni ya mpira mpaka magotini, kofia imefunika nywele zote, mkipanga mstari pale huwezi kujua huyu nani na yule nani. Narudi nyumbani nimelowa nanuka samaki, najifunga kitenge juu ya dira, imeisha. Mume wangu alivyofariki ndo kabisa, nikawa navaa vitu vya kujificha, rangi za udongo udongo, hata kioo nilikuwa natazama uso tu nipake mafuta niondoke.

2019 binti yangu akanionyesha kwenye simu lile gauni alilovaa yule staa wa Marekani Kim Kardashian kwenye hafla ya mitindo ya Met Gala kule New York, la mbunifu Thierry Mugler, lateksi imening'inizwa vitone kama mtu katoka majini sasa hivi. Binti anacheka mimi nimenyamaza. Yani mtu kulowa kumbe kunaweza kuwa urembo! Hilo gauni halikunitoka kichwani miaka yote hiyo.

Sasa mwaka jana mdogo wangu anaeishi Uingereza kaniuliza dada nikuletee nini, nikamwambia sketi ya lateksi. Akanyamaza kwenye simu nikadhani imekata. Lakini kaja nayo, nyeusi, inashuka chini ya magoti, na blauzi ya mikono mirefu rangi ya damu ya mzee. Nikafunga mlango nikajipaka poda nikaivuta taratibu kwa viganja maana ukucha unaichana, mwanzoni ya baridi kama samaki katoka kwenye barafu halafu dakika mbili tatu inashika joto lako mpaka hujui nguo inaanzia wapi. Nikasimama mbele ya kioo, kile kirefu. Tumbo lililobeba watoto watatu lipo, nyonga zipo, vyote vinang'aa, na mgongo umenyooka wenyewe. Nililia wadau siwafichi.

Kesho yake kwenye kikao cha vikoba nikamkatalia mweka hazina hesabu ya faini mbele ya watu wote, mimi ambae miaka minne nilikuwa nasema ndio tu. Sijui vinahusianaje ila najua vinahusiana.

Desemba natimiza 55 nataka niivae chakula cha jioni kule Capri Point. Joto nalifanyaje? Naitunzaje isiharibike? Na kijana wangu mkubwa, mtu wa kanisani sana, namwambiaje?

Fundi_Makoroboi
Mama hongera sana. Mimi cherehani miaka 20 ila hiyo haiendi cherehani, tundu la sindano ndo mwanzo wa kuchanika, wenyewe wanakata vipande wanabandika kwa gundi. Nyingi unene wake ni kama milimita 0.4 hivi kwa hiyo ishike kwa heshima. Adui yake wa kwanza mafuta, vaseline, mafuta ya nazi, losheni, siku hiyo usipake kabisa, yanaulegeza mpira unaoza. Ukitaka ing'ae tumia mafuta ya silikoni. Adui wa pili shaba, bangili au hereni ya shaba ikigusa inaacha doa la kahawia na doa hilo halitoki. Jua pia, usianike kwenye kamba nje kama shuka. Fua maji ya uvuguvugu kwa mkono, kausha kivulini, ipake poda, iweke kwenye mfuko mweusi. Pasi hapana. Ikitoboka usilie, kiraka chake ni kama cha tyubu ya baiskeli, unasafisha, gundi pande zote mbili, unasubiri ikauke kidogo ndo unabandika.

nesi_mstaafu
Dada yangu kabla ya yote, glovu za kiwandani hazijawahi kukuwasha? Kuna watu mpira unawapa vipele, uso unavimba, hata kifua kinabana, na wengine wa hivyo hata ndizi, parachichi au papai vinawasumbua. Ukiona dalili yoyote vua uende hospitali, kifua kikibana usisubiri asubuhi. Kama uko salama basi jua kwamba jasho ndani ya lateksi halina pa kutokea, kwa hiyo usitoke nayo saa nane mchana, subiri jua lizame, kunywa maji, na beba gauni la kubadilisha.

Mzee_Nyakato
Mama nakuheshimu lakini umri huo una nguo zake. Wajukuu watajifunza nini, na watu watasema kwanini tusiige vya kwetu tukaacha vya wazungu.

Mtoto_wa_Muheza
Mzee Nyakato shikamoo. Baba yangu mdogo alikuwa mgema mpira Kihuhwi kule Muheza, anaamka alfajiri giza maana utomvu unatoka vizuri kabla jua halijawaka, anachanja gome kwa mshazari, maziwa meupe yanadondoka kwenye kikombe tone tone. Hiyo ndo lateksi mzee wangu. Imetoka mtini kama kitenge kilivyotoka kwenye pamba mnayolima huku Usukumani. Na huyu mama kajifunika shingoni mpaka chini ya goti, tumuache na miaka yake.

Ng'wana_Sengerema
Mayu usitake ruhusa kwa kijana, mpe taarifa. Mimi nilianza kuvaa suruali nikiwa na 48, wanangu wakanuna wiki mbili wakazoea. Ila mwambie mwenyewe asije akaona picha kwenye status ya mtu, hiyo itamuuma.

Mama_Igoma
Asanteni jamani, nesi glovu hazijawahi kunisumbua hata siku moja. Fundi umeniokoa, bangili za marehemu mama yangu ni za shaba tupu na nilipanga kuzivaa siku hiyo hiyo, nimezirudisha kabatini.

Mzee Nyakato sijakasirika. Wajukuu wangu wameniona miaka yote kwenye mpira wa aproni, hakuna aliesema mpira haunifai.

Kijana nimemwita jana. Sikumwambia kitu, niliivaa chumbani nikatoka sebuleni nikasimama. Alikaa kimya nikasikia friji inavyounguruma. Halafu akauliza mama haikubani? Nikamwambia inanishika. Akatazama chini, akatazama tena, akasema bas nitakupitia na gari saa moja kasoro, jua likishazama.