Pembezoni mwa jiji au katikati: wapi kuna nafuu?

Mpangaji: Mkataba wangu unaisha. Kwa kodi ileile napata chumba kimoja katikati ya jiji, au nyumba ya vyumba viwili pembezoni. Kazi iko katikati. Mliokaa kote kuwili, semeni.

Bundi: Jumlisha kodi na nauli kwanza. Mchumi William Alonso alilieleza hili mwaka 1964: kadiri unavyoacha katikati, ardhi hushuka bei kwa sababu mkazi wa mbali analipia safari. Unafuu upo, ila sehemu yake unaiacha barabarani.

Mama Pacha: Nauli si kitu, muda ndio unaouma! Saa moja na nusu kwenda na nyingine kurudi, kwa siku tano ni saa 15, karibu siku mbili nzima za kazi. Mwanafizikia Cesare Marchetti aliandika mwaka 1994 kwamba watu, tangu enzi za kutembea kwa miguu hadi za magari, husafiri kwa wastani wa saa moja hivi kwa siku. Wewe ukisafiri saa tatu, kinachopunguzwa ni usingizi. Watoto unawaacha wamelala, unawakuta wamelala.

Fundi: Mbona mnaongea kama sote ni watu wa ofisini? Kazi zangu ziko hukohuko nje, watu wanakojenga. Halafu usiku kuna ubaridi. Katikati lami na zege hufyonza joto mchana kutwa, giza likiingia ndipo linatoka.

Bundi: Sawa fundi, na maji? Huko nyumba hutangulia, mabomba na mitaro hufuata baadaye sana.

Mpita Njia: Pembezoni penye kituo cha treni si sawa na pembezoni pa kubadilisha mabasi matatu. Usikubali kupelekwa na dalali Jumapili mchana tu. Nenda mvua ikinyesha, nenda usiku, uliza basi la mwisho hupita saa ngapi na mgonjwa wa ghafla hupelekwa wapi.

Mpangaji: Kazini wananiruhusu kubaki nyumbani siku mbili kwa wiki. Inabadilisha hesabu?

Mama Pacha: Sana. Saa 15 zinakuwa tisa, na chumba cha pili unakifanya ofisi. Hapo hata mimi ningehama. Ila ruhusa hiyo waiandike kwanza, maana mabosi hubadilika.