Watoto hawajawahi kumwona nguva: nianzie wapi?

MwalimuFaza

Assalam alaykum wanajukwaa. Nafundisha gredi ya sita upande wa Faza, huku Lamu. Klabu yetu ya mazingira imepewa nafasi ya kuzungumza mbele ya wazazi, na BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, nao wametuomba tuhudhurie kikao chao. Mada ni nguva, yule mnyama mkubwa wa baharini anayenyonyesha.

Nilipouliza darasani nguva ni nini, mtoto mmoja akasema ni mwanamke mwenye mkia wa samaki, hupenda vijana wazuri. Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Baba zao ndio kabisa: bahari wanaijua kuliko mimi, na warsha wamezikalia hadi wamechoka. Nikisimama na bango la "Tulinde Nguva" watanisikiliza kwa adabu, wanywe soda, waende zao. Nina dakika ishirini tu. Mwenye ujuzi anisaidie.

NahodhaMstaafu

Waalaykum salaam mwalimu. Bango liache nyumbani.

Mimi nimezunguka na watoto wa skuli kwa mashua huku Kiwayu kwa miaka, na kitu kilichowakamata si picha ya mnyama. Ni majani ya bahari. Nenda nao maji yakitoka, bamvua, mahali penye majani mengi. Waache wainame, wafunue majani kwa mkono: watakuta vitoto vya tafi, kamba, kome, pengine mtoto wa changu mdogo kama ukucha. Hapo waulize, "Baba anavua nini?" Watajibu wenyewe. Ukishafika hapo, nguva ana pa kuingilia, kwa sababu ndiye mnyama anayelisha humo humo. Hung'oa majani pamoja na mizizi, na nyuma yake huacha njia nyembamba tupu, imepinda-pinda. Wazee waliokuwa wakimwinda waliifuata njia hiyo.

Na wazee hao ndio walimu wako. Huku kwetu wapo waliokula nyama yake, na hawaoni haya kulisema wakiulizwa vizuri. Mlete mmoja skulini. Usimwombe ahubiri uhifadhi, mwambie tu aseme: mlimpata wapi, msimu gani, kwa nini hamumpati tena? Watoto wachore ramani ya anayoyasema. Ramani ile ndiyo ubandike ukutani siku ya wazazi. Hakuna mzazi atakayepita bila kusimama atafute jina la mahali pake.

Halafu wape hesabu. Nguva anaweza kuishi hadi miaka sabini. Jike huchelewa kuanza kuzaa, na akianza huzaa mtoto mmoja, na kati ya mtoto na mtoto hupita miaka mitatu hadi saba. Mimba yenyewe ni zaidi ya mwaka. Waambie: jike ameanza na miaka kumi, anazaa kila baada ya miaka mitano, akifika hamsini ana watoto wangapi? Watapata tisa, na hapo hatujamtoa hata mmoja aliyekufa. Kisha waulize mbuzi wa nyumbani amezaa wangapi tangu wao waanze skuli. Hutahitaji kueleza zaidi.

Kwa wakubwa ongeza habari moja: Desemba 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Waliokomaa hawafiki 250 katika pwani yote hii ya mashariki. Takwimu nyingine acha. Mtu wa bahari huchoka na tarakimu upesi.

JarifeKizingitini

Ami, nakuheshimu, lakini mazungumzo haya ya nguva kila mara huishia kwetu sisi wa jarife, wavu wa kutega, kana kwamba ndilo lililomla nguva peke yake. Njia ya meli za bandari mpya ya Lamu ilipochimbwa huko Manda, matope yalikwenda wapi kama si juu ya hayo majani? Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari hiyo, na huo si uvumi wa barazani. Sasa mwalimu aje kikaoni atuambie tuwe na huruma? Jarife langu ni la mkopo. Atakayesimama kunifundisha aniambie kwanza kesho nitapeleka nini nyumbani.

NahodhaMstaafu

Huna makosa, mwanangu, na mwalimu akiogopa kulitaja hilo kikaoni wataona anawaficha. Mwalimu, litaje wewe mwenyewe, mapema, kabla hawajakuuliza. Sema wazi kwamba mvuvi si wa kwanza kuharibu.

Lakini na wewe wa Kizingitini unajua jambo moja. Nguva hana matamvua, anapanda juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache. Akinasa kwenye wavu uliolazwa usiku kucha, asubuhi unamtoa mzoga, na wavu umeraruka. Hasara ni yake na yako. Sikwambii uache jarife. Nasema usililaze juu ya majani, na usilale nyumbani nalo liko majini. Wenzako wangapi wanafanya hivyo tayari kwa kuogopa wezi tu? Kikaoni zungumzeni hilo moja. Mkitoka mmekubaliana juu ya mahali pamoja pasipotegwa usiku, kikao kimefaulu kuliko warsha zote.

BintiMalindi

Hodi jamani. Mimi niko Malindi, nafanya kazi kwenye boti za wageni, kwa hiyo wangu ni nyangumi na pomboo.

Mwalimu, usiwabane watoto na nguva tu wasiyeweza kumwona. Nyangumi wa nundu huja pwani yetu kuanzia kama Julai, wametoka Antaktika, kusi likiwa limekolea. Huja kuzaa na kunyonyesha kwenye maji ya moto, na muda wote huo hawali karibu chochote. Mama anamnyonyesha mtoto kwa mafuta aliyoyabeba kutoka huko. Watoto wakisikia hivyo wananyamaza. Wakati mwingine mnyama akiruka unamwona ukiwa ufuoni, huna haja ya boti.

Kwa manahodha wetu somo lilikuwa gumu zaidi, maana mteja amelipa na anataka kugusa. Mwenye kukata mbele ya kundi la pomboo anawatawanya, nao huzama wakaibukia mbali, na mteja anarudi ameona mapezi mawili. Ukiwaendea ubavuni, polepole, injini ukaitoa kwenye gia, mara nyingi wao ndio hukujia. Nahodha akishaona hilo na bahshishi ikapanda, hakuna haja ya kumhubiria. Ila mama mwenye mtoto hatumsogelei, hata mgeni akinuna.

MwalimuFaza

Nimeshukuru sana. Mzee wa kuja skulini nimempata, ni babu ya yule yule wa mwanamke mwenye mkia! Kuhusu jarife nitasema kama ami alivyoelekeza. Swali moja la mwisho: watoto wameniuliza wakimkuta pomboo amepwewa na yu hai, wafanye nini? Sikutaka kujibu kwa kubahatisha.

BintiMalindi

Wasimvute mkia, hilo kwanza. Ana tundu la kupumulia juu ya kichwa: lisiingie maji wala mchanga, na lisifunikwe. Mwili wafunike kwa kanga au kikoi kilicholowa, wamwagie maji, wamtilie kivuli. Wabaki watu wazima wawili watatu, wengine wakae mbali na wapunguze kelele. Wasimsukume baharini wenyewe kabla hajaja anayejua, pengine ni mgonjwa au amejeruhiwa. Wawapigie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mara moja. Namba ya kituo kilicho karibu nanyi iandikeni mapema kwenye ukuta wa BMU, maana siku yenyewe watu hupiga picha kwanza.