Kinanda kwenye kompyuta: bayati inapotea, na mvumo hauishi

Kinanda_Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, napiga kinanda kwenye maharusi na kikundi chetu kidogo cha taarabu. Kinanda ni kile cha Kiarabu, chenye vibonye vya kushusha robo toni, yaani nusu ya hatua kati ya funguo mbili zinazofuatana. Nataka kurekodi nyumbani kwa laptopu. Nikitoa waya tundu la hedfoni kwenda tundu la maiki, sauti inatoka upande mmoja, inakwaruza, na chini kuna mvumo. Nikitumia kebo ya USB, programu inapokea noti zote, ila nikisikiliza, fidla imekuwa ya kitoto na bayati, ule mpangilio wa noti wa Kiarabu wenye robo toni, haipo, kila noti imenyooka Kizungu. Kibovu ni kipi?

FundiChumbageni
Chomoa chaja ya laptopu, urudie. Mvumo ukikatika, mchawi umemjua.

Mzee_wa_Rast
Kijana, vyote vizima. Kebo ya USB ya vinanda vingi haipitishi sauti hata chembe. Inapitisha MIDI, yaani taarifa tu: noti gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, imeachiwa lini. Fidla uliyoisikia ni ya kompyuta. Na ukishusha E kwa robo toni, kazi hiyo inafanyika ndani ya kinanda. Taarifa inayotoka bado inasema E. MIDI ni ya 1983, noti zake zina namba kama funguo za piano, na kati ya E na E bemoli, ule ufunguo mweusi wa chini yake, hamna namba. Hapo ndipo bayati yako ilipobaki.

Kwa taarabu rekodi sauti yenyewe. Tundu la maiki liache, limetengenezewa umeme mdogo wa maiki, kinanda kinalizidi nguvu, na mara nyingi ni la upande mmoja. Tafuta kadi ya sauti ya nje yenye kuingiza stirio. Behringer UCA202 inatosha, ina matundu mawili ya RCA, yale ya rangi, ya kuingizia. Waya omba wa redio, jeki moja ya stirio kwenda mbili za rangi. Ukisema ni wa studio, bei inapanda palepale!

Volyumu ya kinanda iweke theluthi mbili, usiiguse tena. Fungua Audacity, programu ya kurekodi, ni ya bure, chagua stirio, vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde. Kabla ya kurekodi piga pale penye fujo kuliko pote, mdundo, besi na mkono wa kulia kwa pamoja, uone kipimo cha sauti hakipiti -6 dB, maana ikifika 0 inakwaruza. Hifadhi WAV, faili la sauti isiyobanwa, dakika moja inakula kama MB 10. MP3 ni ya kutuma WhatsApp.

Kwaya_Bagamoyo
Mzee, MIDI usiitupe. Kwenye kwaya nikikosea noti moja naivuta mahali pake kwa kipanya, sirudii wimbo mzima.

Mzee_wa_Rast
Kwa kwaya sawa, hamna robo toni. Yeye achomeke vyote viwili, sauti ndiyo kazi, MIDI akiba.

Kinanda_Ngamiani
Mzee shikamoo. Nimechomoa chaja, mvumo umekatika hapohapo. Sasa betri yangu haifiki hata mwisho wa wimbo mmoja wa taarabu. Nikipata hiyo kadi nitaweza kurudisha chaja?

Mzee_wa_Rast
Marahaba. Mvumo unaweza kurudi. Chomeka chaja na kinanda kwenye ekstensheni moja, mara nyingi unapungua. Ukigoma, rekodi mashairi leo na kibwagizo kesho, Audacity itaunga.