Mjadala: Vibanda vya gemu mtaani vifungwe, au kinachotusumbua ni lile dubwi la kona?

Wakuu, salaam.

Jumapili iliyopita huku kwetu Nkuhungu, Dodoma, tulikuwa na mkutano wa mtaa. Ajenda ya kwanza ilikuwa taka, ikaisha upesi. Ya pili ikatuweka juani mpaka saa saba mchana: vibanda vya gemu vifungwe au viachwe. Mama mmoja alisimama akasema mwanawe wa darasa la sita amemaliza hela ya tuisheni ya wiki mbili kwenye gemu. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema tukalale nalo, Jumapili ijayo tunaamua.

Nianze kwa kusema upande wangu, asije mtu akasema nimejificha. Nina miaka 36, mke na watoto wawili, kazi yangu iko kule Mtumba, na nacheza gemu. Sisemi nilikuwa nacheza. Nacheza. Ijumaa nikishuka kwenye basi napitia kibandani, mechi tatu, ndipo nyumbani. Mke wangu anajua. Mama mkwe hajui, na naomba iendelee hivyo.

Kwa ambao hamjawahi kuingia: ni fremu moja, mabenchi mawili, TV mbili za chogo na moja bapa. Mashine ni PS2, zilizotoka mwaka 2000, na bado zinapiga kazi. Vumbi la Agosti likiziba jicho la mashine isisome CD, fundi anachomeka flashi mambo yanaendelea. Tunacheza PES, gemu ya mpira wa miguu. Konami walioitengeneza waliibadili jina mwaka 2021 wakaiita eFootball, ila habari hizo Nkuhungu hazijafika. Kuna fundi ametupachikia timu za Ligi Kuu, kwa hiyo unaweza kuichukua Dodoma Jiji ukaipiga Arsenal tatu bila, na mtu mzima akatoka hapo anatembea kifua mbele mpaka kwake. Ukutani kuna maandishi ya chaki:

MECHI 300. ANAYEFUNGWA ANAPISHA. UMEME UKIKATIKA KABLA YA HAFUTAIMU MNARUDIA.

Hiyo ya mwisho ilizaliwa siku umeme wa LUKU ulipoisha dakika ya 88, mtu anaongoza moja bila. Nusura pedi za kuchezea zirushwe.

Sasa, kwenye kona nyuma ya pazia kuna dubwi, mashine ya kamari. Lile la taa za rangi, linalomeza sarafu za mia mbili. Alhamisi kabla ya mkutano nilipita pale, na yule kijana wa darasa la sita nilimwona kwa macho yangu. Hakushika pedi hata mara moja. Alikuwa nyuma ya pazia.

Hoja yangu ni hiyo tu. Mia tatu ya pedi unajua imekununulia nini: dakika kumi, na aibu ukifungwa. Mia mbili ya dubwi inaisha kabla hujameza mate, na inakuita uongeze nyingine ukaifuate iliyopotea. Hivi ni vitu viwili, ila vimekaa chini ya bati moja, na mkutano umevipa jina moja. Kamari ina sheria yake ya mwaka 2003, ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Hatuhitaji uamuzi mpya wa mtaa kwa jambo ambalo tayari limekatazwa. Dubwi litoke, pedi zibaki, na mtoto mwenye sare asionekane mle kabla ya saa kumi jioni.

Povu ruksa. Nawasilisha.

Boda wa Njia Panda: Na ile baa yenye spika inayotazama zahanati, mbona haijaletwa mkutanoni? Au wenyeviti nao wana pedi zao?

Mama Wawili: Kaka, mimi ndiye niliyesimama Jumapili. Asante kwa habari ya dubwi, mtoto hakunitajia, na fimbo niliimalizia yote kwenye gemu.

Lakini nikuulize. Mwanangu angeingia vipi nyuma ya pazia? Mtoto hawezi kutoka barabarani akaenda moja kwa moja kwenye dubwi, watu watamwona. Aliingia kwa mlango wa pedi zenu. Akazoea benchi, akazoea sauti, akasubiri zamu, zamu ikachelewa, akageuza shingo. Nyie wakubwa mlikuwa mnashangilia magoli.

La pili. Umeandika anayefungwa anapisha. Jana nilimkalisha chini akanieleza vizuri. Anasema siku hizi ni "anayefungwa analipa". Wawili wanacheza, aliyefungwa anatoa mia sita, ya kwake na ya mwenzake. Sasa hiyo nayo uniambie inaitwaje.

Mleta mada: Mama, hapo umenibana, na sitajifanya sikuona. Analipa aliyefungwa, ni kweli, nami nimeshacheza hivyo zaidi ya mara moja. Nikishinda nilikuwa naita "ofa".

Kujitetea kidogo: pale hakuna bahati, kuna mkono. Mimi nikicheza na mwanao mara ishirini atafungwa mara ishirini, mashine haimwongopei kwamba ya ishirini na moja ni zamu yake. Na mshindi haondoki na hela mfukoni, anaondoka amecheza bure. Ila nimeisoma sentensi yangu tena. Mtu mzima anayejua atashinda, anacheza na mtoto ambaye ndiye atalipa. Hilo halina utetezi, hata liitwe ofa. Naongeza kwenye pendekezo: kila mtu alipie mechi yake, iandikwe ukutani kwa chaki ileile.

Kuhusu kugeuza shingo, sina jibu.

Mwalimu wa Hesabu: Ndugu mleta mada, unaongea kama pedi yenyewe haina madhara. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwezi Mei 2019 orodha mpya ya magonjwa, ikaanza kutumika Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa gemu. China mwaka 2021 waliwawekea walio chini ya miaka 18 saa tatu tu kwa wiki za gemu za mtandaoni, saa mojamoja Ijumaa, Jumamosi na Jumapili usiku. Wale si wajinga.

Mleta mada: Mwalimu, shikamoo. Orodha hiyo haisemi kila anayecheza ni mgonjwa. Inamtaja yule aliyeshindwa kujizuia, gemu imepita shule, kula na ndugu, na kwa kawaida hali iwe imedumu kama miezi 12. Wapo, na ninamjua mmoja. China nao wanawabana watoto kwa kuandikisha majina halisi mtandaoni. Hapa kwetu mwenye kibanda anamjua kila mtoto, mama yake, na nyumba wanayopanga. Hakuna kompyuta ya kumshinda akiamua kusema "wewe, toka, nenda kasome". Hajaamua tu.

Kete Ishirini: Nachangia kutoka hosteli za Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), maana sisi nasi tumewahi kushitakiwa. Tuko sita, Jumamosi usiku tunacheza gemu ya simulizi, bila TV wala umeme. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake. Kete ya pande ishirini, ya kuamua kama mhusika amefanikiwa, hatuna, tumeandika namba kwenye vikaratasi tukavitia kwenye kofia. Safari hii wahusika wetu wamekwama kwenye mapango ya Kolo kule Kondoa, michoro ya mwambani imeanza kutembea usiku. Mimi ni mfugaji aliyepoteza ng'ombe mmoja na hataki kurudi bila yeye.

Wiki ya pili jirani akasikia "nimekufa, mmeniua, acheni nilale hapahapa!" Akaleta mlinzi, na baada ya mlinzi akaja mtu na Biblia. Gemu mama ya aina hii, Dungeons & Dragons, ilitoka Marekani mwaka 1974, ya Gary Gygax na Dave Arneson, na miaka ya 1980 wazazi wa kule nao walisema ni ushetani. Yule mwenye Biblia tulimpa kikaratasi achote. Akatoa 19, akaua fisi. Sasa anakuja kila Jumamosi.

Boda wa Njia Panda: Huyo ng'ombe akipatikana mtuambie.

Mwenye Kibanda: Nimewasoma wote, nimenyamaza vya kutosha. Dubwi si langu. Mwenye nalo anakuja kila Jumatatu na ufunguo wake, anafungua, tunahesabu, tunagawana. Pedi zinalipa umeme na fundi. Dubwi linalipa kodi ya fremu. Hiyo ndiyo hesabu, hakuna nyingine.

Kumfukuza mtoto nyuma ya pazia ilikuwa kazi yangu, sikuifanya. Mama, nisamehe kwa hilo. Ila mkiliondoa, mechi haitakuwa 300 tena, itakuwa 500. Mleta mada, utalipa?

Mleta mada: Nitalipa.

Mama Wawili: Wewe utalipa, una mshahara. Mwanangu hataiweza. Basi iwe 500, nami Jumapili sisimami tena.

Mleta mada: Mama, tumekubaliana halafu sijafurahi. Mimi nilianza kushika pedi nikiwa darasa la tano, mechi ilikuwa shilingi hamsini. Mwenye Kibanda, Jumamosi asubuhi, kabla sisi wenye mishahara hatujaamka, kwa watoto irudi 300?

Mwenye Kibanda: Saa tatu mpaka saa tano. Na mmoja wenu aje akae mlangoni, mimi nitakuwa nafagia vumbi.