Reale ya 1780 yenye kichwa cha mama, ni ya kweli? Thamani yake ipoje?

Mwana_wa_Mkunazini: Habari za leo wadau. Bibi yetu katangulia mbele ya haki, kwenye kasha lake tumekuta sarafu kubwa ya fedha, upande mmoja mama mnene kajitanda ushungi, upande wa pili ndege mwenye vichwa viwili na mwaka 1780. Juu imechomelewa kipete, nahisi alikuwa akiitia kwenye kidani. Sonara mmoja kaniambia ina miaka zaidi ya 200 na anaitaka papo hapo kwa 30,000, nikaona mbona haraka hivi? Mwenye ujuzi anisaidie jamani.

Kasha_Kuukuu: Usimpe! Hiyo ndo wazee wakiiita reale ya Sham. Huyo mama ni Maria Theresia mtawala wa Austria, kafariki huohuo mwaka 1780, ila wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Uhabeshi mpaka pwani yetu walishaizoea sura yake hawataki nyingine, basi viwanda vya sarafu vikaendelea kuipiga na mwaka uleule, kwanza huko kwao Austria, baadaye Roma, London, Paris hadi Bombay. Kwa hiyo 1780 haikwambii umri, yako inaweza ikawa ya miaka ya 1930. Ipime, ya kweli ni gramu 28 na ushee, upana kama milimita 40, sumaku haiishiki, chini ya kifua pana herufi S.F. na ukingoni pameandikwa JUSTITIA ET CLEMENTIA. Za bandia herufi huwa zimevimbavimba na ukingo mara nyingi hauna kitu. Fedha ni asilimia 83.3, yaani gramu 23.4 za fedha safi, zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, chini ya hapo unaibiwa.

Ukhti_Pwani: Na usiisugue dada! Mimi ya kwetu niliipiga ndimu na majivu ing'ae, weusi wote ukatoka na michoro ikafifia, naijutia mpaka leo. Hicho kipete kinashusha bei kwa wakusanyaji lakini usikibandue, kovu lake ni baya zaidi.

Mwana_wa_Mkunazini: Ahsanteni sana. Nimepima kwa sonara mwingine, gramu 29.3 pamoja na kipete, S.F. ipo na maneno ya ukingoni yanasomeka vizuri isipokuwa pale palipochomelewa. Halafu nimeona pua na bega la yule mama vimelika vimekuwa laini kabisa, bibi alikuwa na tabia ya kuishikashika akiongea. Siuzi tena, nimeirudisha kashani.