Padlet, Trello, Notion au Drive? Kikundi cha mwani kinatafuta pahala pa kuweka habari zake

mwani_pwani
Assalaam alaykum wanajamvi, na habari za leo kwa wote.

Kikundi chetu kinakusanya habari za kilimo cha mwani: makala, picha, video za wataalamu, bei za wanunuzi. Kila mwezi tunatoa jarida la kurasa mbili, tunalibandika skuli, madukani na dikoni. Mpaka sasa kila kitu tunarushiana WhatsApp na kinapotelea humo. Juzi nimetafuta bei ya mwezi uliopita saa nzima, nikaishia kumpigia simu aliyeituma.

Nimeangalia huduma nne za kuweka vitu mtandaoni: Padlet, Trello, Notion na Google Drive. Ipi bora? Kamati inakaa Ijumaa na pesa ya kulipia ipo.

fundi_seva
Mkuu, hapo hujatupa cha kukusaidia. Mko wangapi? Mnatumia simu au kompyuta? Pesa kiasi gani, ya mara moja au ya kila mwezi? Nani anaweka vitu na nani anasoma tu?

Nikisubiri majibu, jua jambo moja: Trello na Notion wanatoza kwa kichwa, kila mwezi, kwa dola. Kwa watu wawili utavumilia. Kwa ishirini utashindwa.

Mwl_Kibwana
Padlet, ule ubao wa mtandaoni, wala usihangaike. Natumia na wanafunzi wangu: natuma linki, mtu anagusa alama ya kujumlisha, anabandika picha au anajirekodi, basi. Ukiiruhusu, hahitaji hata kufungua akaunti. Kasoro yake ni kwamba mbao za bure ni za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

NyotaLamu
Mwalimu, darasani kuna waifai. Ubao uliojaa picha ukiufungulia bando la mfukoni, wasubiri mpaka wachoka.

Sisi wa kikundi cha mikoko huku Lamu twatumia Telegram. Faili la GB 2 lapita, na ukitafuta neno walipata. Pia mada zaweza kutengwa: picha huku, bei kule. Mgeni akijiunga leo aweza kusoma tangu siku ya kwanza.

fundi_seva
Telegram ni nzuri mpaka siku ifungwe. Kenya, Novemba 2023 na tena Novemba 2024 wakati wa mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari, watu hawakuweza kuifungua bila VPN, yaani programu ya kupitia njia ya pembeni.

NyotaLamu
Ni kweli, na sikupenda hata kidogo. Ila mlango ulifungwa, nyumba haikuungua. Ulipofunguliwa, vitu vyetu tulivikuta.

mwani_pwani
Niwieni radhi kwa kuchelewa, ilikuwa bamvua. Siku hizo maji yakitoka sote tuko shamba, hakuna anayeshika simu.

Majibu: tuko 14, wanawake 11. Kompyuta ni moja, ya skuli, tunaipata Jumamosi tu. Wawili wana simu za tochi. Pesa ni laki tatu za Tanzania kwa mwaka mzima.

Na kuna jambo nilisahau, nalo ndilo kubwa. Nusu ya tunavyokusanya ni sauti. Kuna bibi yetu mmoja hasomi wala haandiki, lakini akiona majani yameanza kuwa meupe anajirekodi palepale, unasikia upepo na maji nyuma yake. Anataja shamba, anataja mwezi ni wa ngapi, anasema maji yalikuwa moto kiasi gani miguuni. Sauti hizo zikipotea hakuna kitabu cha kwenda kuzisoma.

Bi_Mkasi
Dada, kabla hujachagua chochote, naomba unisikilize kwa makini.

Sisi ni mafundi cherehani, tulikuwa tisa. Mwaka 2021 tulianza kuweka mishono yetu kwenye ubao mmoja wa mtandaoni, jina nalihifadhi. Picha za magauni, vipimo, bei za vitambaa, wateja walisema nini. Akaunti aliifungua katibu wetu kwa namba yake ya simu. Hakuna aliyeona tatizo, tulimwamini, na mpaka leo ni mtu mwema.

Akaolewa, akahama mkoa, akanunua laini nyingine. Ile ya zamani ikakaa kwenye droo miezi mingi bila salio, kampuni ikampa mtu mwingine namba ile. Sisi hatuna habari, ubao unafunguka kama kawaida. Asubuhi moja ukataka tuingie upya, tarakimu za kuthibitisha zinatumwa kwenye namba ileile. Tukapiga. Akapokea mwanamume hatumjui. Nikamweleza taratibu, nikamwomba atusomee tarakimu sita. Akasema, "Mama, hivi ndivyo watu wanavyoibiwa," akakata. Sikumlaumu, na mwanangu angefanya hivyohivyo ningemsifu.

Tukawaandikia wenye ubao mara nne. Walijibu kwamba mwenye namba ndiye mwenye akaunti. Mle ndani mlikuwa na picha ya karatasi za vipimo za marehemu mama yangu, kwa mwandiko wake wa penseli. Karatasi zenyewe zililiwa na mchwa. Nilipoteza mara mbili.

Siku hizi akaunti ni ya barua pepe ya kikundi. Nywila imeandikwa kwenye daftari la mweka hazina, viongozi wawili wanaingia, na kila mwisho wa mwezi tunashusha kila kitu kwenye flashi mbili, moja kwangu na moja kwa mwenyekiti.

NyotaLamu
Pole sana, bibie. Nami leo naenda kuangalia grupu letu limefunguliwa kwa namba ya nani.

fundi_seva
Pole, Bi Mkasi.

Mwani_pwani, hesabu hii hapa: laki tatu gawa kwa watu 14 kwa miezi 12 ni kama shilingi 1,785 kwa mtu kwa mwezi, haifiki hata dola moja. Kwa hiyo cha kulipia kwa kichwa kitoe mezani. Pia Trello ya bure inaishia watu 10 na nyinyi ni 14. Notion ya bure haipokei faili linalozidi MB 5, kwa hiyo video zenu hazipiti.

Fungueni Drive ya kikundi, GB 15 za bure, ila barua pepe na picha za akaunti hiyo zinakula humohumo. Wekeni jedwali moja: tarehe, kijiji, nani kasema, anazungumzia nini, linki ya sauti. Pesa nunueni bando na flashi.

Mwl_Kibwana
Jedwali kwenye simu ndogo, mtu vidole vimelowa chumvi? Mwani_pwani atalijaza peke yake, mwezi wa tatu atachoka.

fundi_seva
Mwalimu, sijasema wote wajaze. Wote waendelee kurusha WhatsApp kama walivyozoea. Jumamosi wawili wanakaa kwenye kompyuta ya skuli, wanasikiliza, wanachagua, wanaandika. Kuokota ni kwa wote, kuchambua ni kwa wachache.

Mwl_Kibwana
Nao hao wawili wakichagua wanavyopenda wao? Kwenye ubao angalau kila mtu anaona kilichowekwa na kilichoachwa. Bado nasema Padlet.

msomaji_wa_jioni
Kabla ya kulipa popote, weka vitu vitatu vya majaribio halafu uvitoe nje uone vinatoka vipi. Huduma za kukusanyia habari nazo hufungwa: Google Reader ilifungwa 2013, Storify 2018, Pocket 2025, na zote zilikuwa na watu wake. Makala za kitaalamu, kama zile za Dkt. Flower Msuya kuhusu mwani, ziwekeni Zotero. Ni bure, inatunza mwandishi na mwaka, na kikundi kinaweza kushirikiana. Mafaili ya bure ni MB 300 tu, kwa hiyo sauti zisiende huko.

Nina swali pia: huyo bibi anajua sauti yake itakwenda wapi?

mwani_pwani
Anajua tunaisikiliza sisi. Kwamba inaweza kusikilizwa na mtu asiyemjua, hilo sijamwambia. Nitamwuliza, na akikataa haitoki kwetu.

kamba_na_vigingi
Samahani natoka nje ya mada. Hayo majani meupe ni ya mwani aina ya cottonii au spinosum? Huku Tanga cottonii yetu imekufa msimu wa pili sasa, na bei yake ndiyo tuliyokuwa tunaitegemea.

mwani_pwani
Cottonii. Maji mafupi yakipata moto haistahimili, spinosum inavumilia kidogo. Kuna wenzetu wamehamia maji marefu, wanafunga kwenye mirija ya nyavu, lakini huko unahitaji ngalawa na kujua kuogelea, na wengi wetu hatujui.

kamba_na_vigingi
Mirija hiyo mnashona wenyewe au inanunuliwa? Na mbegu mlitoa wapi?

mwani_pwani
Wanashona. La mbegu bibi ndiye anajua, alisimulia kwenye sauti moja kabla ya Ramadhani. Naitafuta tangu asubuhi, sijaipata.

Bi_Mkasi
Nyavu za kushona nitumieni picha ya mshono, niuone.